Ipi Iliyo Bora? Neno Juu ya Sindano za Kupunguza Uzito

Ndugu zetu wanaoishi Uingereza na Marekani wanapiga simu nyumbani wakitaja majina mageni: Wegovy, Mounjaro, Zepbound, Saxenda. Ni majina ya sindano za kupunguza uzito. Wengine wameshaandikiwa na daktari, wengine wanafikiri kuzinunua kwa fedha zao wenyewe. Na swali lao ni moja: katika sindano hizi, ipi iliyo bora? Sisi tuliobaki huku tunaombwa shauri, ingawa wengi wetu hatujapata kuziona.

Si kazi ya gazeti la kanisa kumwandikia mtu dawa. Kazi hiyo ni ya daktari. Lakini swali hili si la daktari peke yake, maana ndani yake limo swali jingine ambalo watu hulipita bila kuliona: bora kwa jambo gani? Twadhani ya kwamba mtu asiyelijibu hilo kwanza hawezi kuchagua sawasawa, hata akipewa hesabu zote za wataalamu.

Tuanze kwa kuzifahamu dawa zenyewe. Mtu anapokula, utumbo wake hutoa homoni iitwayo GLP-1. Homoni hiyo huliamsha kongosho litoe insulini, hulichelewesha tumbo lisimimine chakula upesi, na huupelekea ubongo habari kwamba shibe imefika. Lakini homoni hiyo ya asili haidumu. Huvunjwa baada ya dakika chache tu. Wataalamu wakatafuta kitu kifananacho nayo ambacho kingedumu. Mwaka 1992 daktari John Eng wa New York alitangaza kwamba amekipata katika sumu ya mjusi mkubwa wa jangwani aitwaye Gila. Kazi yake ndiyo iliyozaa dawa ya kwanza ya namna hii, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2005 kwa ajili ya kisukari.

Baada yake zikaja nyingine, zilizotengenezwa kwa kuifuata homoni ya binadamu mwenyewe. Liraglutaidi, ambayo kwa kupunguza uzito huitwa Saxenda, iliruhusiwa Marekani mwaka 2014. Huchomwa kila siku. Semaglutaidi huchomwa mara moja kwa juma. Kwa kisukari huitwa Ozempic, iliyoruhusiwa mwaka 2017, na kwa uzito huitwa Wegovy, iliyoruhusiwa mwaka 2021. Hizo mbili ni za kampuni ya Novo Nordisk ya Denmark. Ya tatu ni tirzepataidi ya kampuni ya Eli Lilly ya Marekani, nayo pia ni ya mara moja kwa juma. Hiyo huiga homoni mbili, GLP-1 na nyingine iitwayo GIP. Huko Marekani huitwa Mounjaro kwa kisukari na Zepbound kwa uzito. Uingereza huitwa Mounjaro kwa yote mawili. Zote huchomwa chini ya ngozi, na mtu hujichoma mwenyewe.

Sasa tutazame hesabu. Uchunguzi mmoja wa semaglutaidi, uliotangazwa mwaka 2021, ulihusu watu 1,961 kwa majuma 68. Waliopata dawa walipungua kwa wastani asilimia 14.9 ya uzito wao. Waliochomwa sindano isiyo na dawa walipungua asilimia 2.4. Mwaka 2022 ulitangazwa uchunguzi wa tirzepataidi kwa watu 2,539, majuma 72, na waliopata kipimo kikubwa walipungua asilimia 20.9. Mwaka huo huo liraglutaidi ililinganishwa na semaglutaidi ana kwa ana: ya kwanza ilipunguza asilimia 6.4, ya pili asilimia 15.8. Tena mwaka 2025 ulitoka uchunguzi wa watu 751 uliozipambanisha semaglutaidi na tirzepataidi. Baada ya majuma 72, semaglutaidi ilipunguza asilimia 13.7, tirzepataidi asilimia 20.2. Gharama za uchunguzi huo zililipwa na Eli Lilly, wenye tirzepataidi. Hilo halifanyi hesabu kuwa za uongo, lakini msomaji mwenye busara hulikumbuka.

Basi, mtu atasema, shauri limekwisha. Mwenye kilo 100 atapungua kilo 13 na ushei kwa dawa moja, na kilo 20 kwa nyingine. Achukue ya kilo 20. Kuna nini tena cha kujadili?

Ngoja kwanza. Tuwaze watu watatu, kila mmoja ana kilo 100.

Wa kwanza ni mama wa miaka 55, hana kisukari, lakini moyo wake ulishapata shambulio. Hofu yake si kilo. Hofu yake ni shambulio la pili. Kwa mtu kama huyu kuna habari iliyo muhimu kuliko mizani. Mwaka 2023 ulitangazwa uchunguzi wa watu 17,604 wenye uzito uliozidi na maradhi ya moyo au mishipa, wasio na kisukari. Katika kila watu 1,000 waliochomwa sindano isiyo na dawa, 80 walipata shambulio la moyo lisiloua, au kiharusi kisichoua, au walikufa kwa maradhi hayo. Katika kila 1,000 waliopata semaglutaidi, walikuwa 65. Kwa sababu hiyo mwezi Machi 2024 Marekani iliiruhusu Wegovy kwa kazi ya kuwakinga watu wa namna hiyo. Mama huyu akipoteza kilo chache zaidi kwa dawa nyingine, je, amefaidika? Pengine ndiyo, pengine sivyo. Lakini akichagua kwa kilo tu, atakuwa amejibu swali ambalo si lake.

Wa pili ni baba anayekoroma usiku mpaka pumzi zinakatika, akaamka asubuhi amechoka kama mtu aliyelima usiku kucha. Kwa ugonjwa huo, mwezi Desemba 2024 Marekani iliiruhusu tirzepataidi kwa watu wanene wenye hali hiyo kwa kadiri ya kati au kubwa. Kwake yeye shauri huenda likawa jingine kabisa.

Wa tatu ni binti wa miaka 30 anayetumaini kupata mtoto. Dawa hizi hazitumiwi wakati wa ujauzito. Anayetumia semaglutaidi hushauriwa kuiacha angalau miezi miwili kabla ya kutafuta mimba, na wa tirzepataidi mwezi mmoja. Tena tirzepataidi yaweza kupunguza nguvu ya vidonge vya kupanga uzazi, na wengine wameshika mimba wasipotazamia. Kwa binti huyu swali si ipi iliyo bora, ila kama wakati wenyewe ndio huu.

Mizani ingewapa wote watatu namba moja, lakini kila mmoja ana haja yake. Kwa hiyo anayesema "fulani alipungua sana kwa ile, nami nipewe ile" anachagua kwa mwili wa jirani yake.

Liko jambo la pili ambalo hesabu za mizani hulificha, nalo ni muda. Watu huziwaza sindano hizi kama dawa ya malaria: unatumia, unapona, unaacha. Sivyo zilivyo. Katika ule uchunguzi wa semaglutaidi, baadhi ya watu walifuatwa mwaka mmoja baada ya kuacha dawa, na theluthi mbili za uzito walioupoteza zilikuwa zimerudi. Kwa tirzepataidi yalionekana mambo kama hayo. Mwili huushika uzito wake kama mkulima anavyoushika mpaka wa shamba. Ukiondoka mlinzi, unadai tena. Basi dawa hizi zafanana zaidi na dawa za presha kuliko za malaria. Anayechagua hachagui sindano ya miezi mitatu, anachagua kitu cha kuishi nacho.

Hapo ndipo bei inapoingia. Wegovy ilipoanza kuuzwa Marekani mwaka 2021, bei yake iliyotangazwa ilikuwa dola 1,349 kwa mwezi, yaani zaidi ya dola 16,000 kwa mwaka. Zepbound mwaka 2023 ilianza kwa dola 1,060 hivi. Tangu hapo bei zimepunguzwa kwa wengi wanaojilipia. Lakini bei hupanda pia. Mwezi Septemba 2025 huko Uingereza, bei iliyotangazwa ya Mounjaro ya kipimo kikubwa, kwa wasioipata hospitali ya serikali, ilipandishwa kutoka pauni 122 hadi pauni 330 kwa mwezi. Waliokuwa wameianza wakijua wataimudu wakajikuta njia panda. Na wengi wa ndugu zetu walioko huko wana mzigo ambao jirani zao Waingereza hawanao: kutoka mshahara huo huo hutoka karo za wadogo zao, dawa za wazazi wao, na mabati ya nyumba inayojengwa kijijini. Dawa yenye nguvu zaidi ambayo utaishindwa mwaka wa pili si bora kuliko ya kiasi ambayo utaweza kuendelea nayo. Nasi tunaopokea fedha hizo yatupasa tuseme upande wetu: ndugu akisema mwezi huu amepunguza kwa sababu ya dawa yake, tusimhesabie kuwa ametusahau. Afya yake nayo ni haja ya jamaa.

Tena yako madhara. Kichefuchefu, kutapika, kuharisha na choo kigumu ni mambo ya kawaida, hasa kipimo kinapoongezwa. Ndiyo sababu semaglutaidi huanzwa kwa miligramu 0.25 na kupandishwa polepole kwa majuma 16 mpaka 2.4. Mara chache huja mambo mazito: kuvimba kongosho, na mawe katika mfuko wa nyongo. Dawa zilisababisha uvimbe wa tezi ya shingo kwa panya, na kwa hiyo huko Marekani hukatazwa kwa mtu ambaye yeye au jamaa yake amepata saratani ya namna fulani ya tezi hiyo. Na uzito unaopotea si mafuta matupu, misuli nayo hupungua, jambo zito kwa mzee ambaye miguu yake imeshalegea. Katika ule uchunguzi wa moyo, karibu watu 17 katika 100 wa semaglutaidi waliacha dawa kwa sababu ya madhara, wakati kwa wale wa sindano tupu walikuwa 8. Dawa moja humkubali huyu na kumkataa yule, wala hakuna jedwali liwezalo kumwambia mtu mapema yeye atakuwa yupi.

Sasa tufike kwenye neno linalosemwa kwa sauti ya chini, hata miongoni mwetu tunaosali pamoja. Wako wasemao, "Huyu si mgonjwa. Ni mlafi. Angefunga mdomo na kushika jembe, asingehitaji sindano." Wengine husema kwa upole zaidi: mtu anayetulia mezani kwa nguvu ya dawa hajajitawala; ametawaliwa na dawa.

Hoja hii si ya kudharauliwa. Kujizuia ni jambo jema, na hakuna sindano inayomfundisha mtu kiasi, subira au shukrani. Lakini hoja hii hudhani kwamba njaa ni sawa kwa watu wote, na kwamba tofauti ni moyo tu. Dawa hizi zimetufundisha kuwa sivyo. Wengi wanaozitumia husema kwamba mawazo ya chakula, yaliyokuwa yakiwasumbua tangu asubuhi hadi usiku, yamenyamaza. Kama kelele ile hunyamazishwa kwa homoni, basi ilikuwa pia jambo la mwili, wala haikuwa uovu wa moyo peke yake. Yule asiyesikia kelele hiyo tangu kuzaliwa hakuishinda, hakupewa. Asijisifu kwa vita ambavyo hakupigana. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na mtu avaaye miwani hatumwambii kwamba angekaza macho angeona.

Huku kwetu shutuma hii ina upande wake wa pili. Wazee wetu walimwona mtu mnene wakasema ameshiba na kustawi. Kukonda kulikuwa dalili ya taabu. Kisha ukaja Ukimwi. Uganda, katika miaka ya 1980, watu waliuita "Slim" kwa jinsi ulivyowakondesha wagonjwa. Mpaka leo, ndugu akija likizo amepungua kilo 20, wako wanaonong'ona. Basi mtu huyo hushitakiwa mara mbili: ugenini kwa unene wake, nyumbani kwa wembamba wake. Yafaa tujue kwamba hana deni la kutueleza. Na mchagua dawa ambaye anachagua ili tu kuwanyamazisha wasemaji, naye anajibu swali lisilo lake, maana wasemaji hawanyamazi.

Bado liko jambo moja, nalo ni wale wengine wanaoihitaji dawa ile ile. Kuanzia mwaka 2022 watu wengi mno waliitaka Ozempic ili wapungue, hata ikaadimika madukani, na wagonjwa wa kisukari wakaikosa. Mwezi Julai 2023 serikali ya Uingereza iliwaagiza madaktari wasiiandike dawa ya kisukari kwa ajili ya kupunguza uzito, na hata wagonjwa wapya wa kisukari wasianzishiwe mpaka upungufu upite. Penye uhaba huingia wadanganyifu: mwezi Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo juu ya Ozempic ya bandia iliyoonekana Brazili, Uingereza na Marekani. Baadaye dawa ilipatikana tena. Lakini somo linabaki. Ilipokuwa haitoshi, aliyechukua kalamu iliyotengwa kwa mgonjwa wa kisukari, ili avae nguo ya arusi aliyoipenda, alikuwa amechagua pia kwa niaba ya mtu ambaye hakumwona. Na anayenunua bila cheti cha daktari, kwa mtu asiyemjua, hajui hata anajichoma nini.

Namna Uingereza inavyogawa tirzepataidi sasa yafaa kufikiriwa. Tangu tarehe 23 Juni 2025 hospitali za serikali nchini England zilianza kuitoa kwa daktari wa kawaida, lakini kwa zamu. Wa kwanza ni wale ambao kilo zao, zikigawanywa kwa kipeo cha pili cha urefu wao kwa mita, zinafika 40, nao wana angalau maradhi manne kati ya matano: kisukari, presha, maradhi ya moyo na mishipa, mafuta mabaya katika damu, na kukatika pumzi usingizini. Kwa mtu wa mita 1.65 hiyo ni kama kilo 109. Kwa Waafrika, Waasia na wengine ambao maradhi huwapata kwa uzito mdogo zaidi, kipimo hushushwa kufika 37.5, ndugu zetu huko walijue hilo. Mpango ni watu wapatao 220,000 katika miaka mitatu ya kwanza.

Wengine husema utaratibu huu ni mkali, kwani unamwacha mtu augue manne ndipo atibiwe, na aliye na fedha hununua tu bila kungoja. Malalamiko hayo yana haki ndani yake. Lakini tazama swali lililoongoza zamu hiyo. Hawakuuliza nani ana kilo nyingi tu. Waliuliza nani ataumia zaidi akikosa. Hilo ndilo swali ambalo kila mmoja anapaswa kujiuliza juu yake mwenyewe kabla ya kulinganisha dawa na dawa.

Basi ndugu akitupigia simu na kuuliza ipi iliyo bora, tusimjibu kwa jina la dawa. Tumwulize yeye. Unataka kuponywa nini hasa: moyo, pumzi, magoti, sukari, au maneno ya watu? Katika ukoo wako nani aliugua nini? Unatumaini mtoto? Utaweza kuendelea nayo mwaka wa tatu, kwa fedha na kwa tumbo? Inatoka mikononi mwa nani? Akiwa na majibu hayo, aende nayo kwa daktari wake, akayaseme yote bila kuficha kwa haya. Huenda wataona ile yenye nguvu zaidi ndiyo inayomfaa, au ile ya kiasi. Huenda wataona asichukue yoyote kwa sasa, wala hilo si kushindwa.

Na sisi tuliobaki nyumbani tunayo sehemu yetu. Akija likizo amepungua, tumkaribishe mezani kama zamani. Akila kidogo, tusimlazimishe kuongeza wala tusimwulize ana nini.